Serikali Yaingia Jikoni

Sheria za majiko ya kuni katika nchi za baridi, na funzo lake kwa nyumba ya askari

Tangu zamani jiko limekuwa mahali pa faragha katika nyumba. Mgeni hukaribishwa barazani, na mtoza kodi huishia uani. Jikoni huingia wenyewe tu. Ndiyo sababu wengi hushangaa wanaposikia kuwa ziko nchi ambazo serikali zake zimeandika sheria juu ya jiko la nyumbani: litengenezwe namna gani, litoe moshi kiasi gani, lichome kuni za aina gani, na siku zipi lisiwashwe kabisa. Tena sheria hizo zina meno. Mwenye nyumba aweza kutozwa faini kwa moshi unaotoka katika dohani yake, kama vile dereva anavyotozwa kwa kupita mwendo uliowekwa.

Kwa askari polisi, habari hii huzusha swali la kazi. Sheria ya namna hiyo hutekelezwaje? Nani atagonga mlango wa ajuza usiku wa baridi na kumwamuru azime moto wake? Kwa mama wa nyumbani swali ni jingine: moshi umekosa nini hata ushtakiwe, nao umekuwako tangu enzi za mababu? Maswali yote mawili yamekwisha kujibiwa katika miji kadha ya dunia, na majibu hayo yamepatikana kwa gharama kubwa, nyingine ikiwa ya roho za watu.

MOSHI NI NINI?

Wengi hudhani kwamba moshi ni kivuli cha moto, na kwamba haiwezekani kupata kimoja bila ya kingine. Kwa hakika moshi ni kuni ambayo haikuungua. Kuni inapopata joto hutoa gesi, na gesi hizo ndizo zinazowaka na kuonekana kama ndimi za moto. Zikikosa joto la kutosha, au zikikosa hewa, hazishiki moto. Hupanda juu, zikapoa, zikawa moshi na masizi. Kwa hiyo nyumba inayofuka moshi mwingi inatupa hewani sehemu ya kuni zilizotafutwa kwa jasho au kununuliwa kwa fedha.

Adui wa kwanza wa moto safi ni maji. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Mzigo wa kilo 10 za kuni mbichi una basi kiasi cha lita 5 za maji, na moto hulazimika kuyachemsha maji hayo yote mpaka yakauke, kabla haujapata nguvu ya kuchemsha chungu. Adui wa pili ni kufungiwa hewa. Jiko lililozibwa ili kuni zidumu usiku kucha huungulia ndani kwa ndani na kutoa moshi mzito kuliko wote.

Hasara ya kuni ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya afya. Moshi umejaa chembechembe, na zile zinazoogopwa zaidi hazizidi upana wa sehemu 2.5 za elfu moja ya milimita. Chembe 25 za namna hiyo zikipangwa mstari hazifikii unene wa unywele mmoja. Pua haizizuii wala kikohozi hakizitoi. Hufika ndani kabisa ya mapafu, na baadhi yake huingia katika damu. Matokeo yake ni nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima ni magonjwa ya mapafu, ya moyo, kiharusi na saratani. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 peke yake moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2, na kati ya hao waliokufa zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Hayo ndiyo mashtaka dhidi ya moshi. Kesi yenyewe ilianza kusikilizwa London.

UKUNGU ULIOUA

Tarehe 5 Desemba 1952 ukungu mzito ulitanda juu ya mji mkuu wa Uingereza. Hapakuwa na upepo, na hewa ya baridi ililala chini kama maji yaliyotuama. Mamilioni ya watu waliwasha makaa ya mawe ili wapate joto, na moshi wa nyumba ukachanganyika na moshi wa viwanda na ukungu wenyewe. Makondakta wa mabasi walitembea kwa miguu mbele ya magari yao wakishika taa ili kuwaonyesha madereva njia. Katika jumba moja la maonyesho mchezo ulikatizwa, kwa kuwa ukungu uliingia hata ndani.

Hali hiyo ilidumu mpaka tarehe 9. Hesabu ya kwanza ya serikali ilikuwa vifo 4,000, wengi wao wazee na watoto wachanga. Utafiti uliofanywa miaka mingi baadaye uliipandisha hesabu hiyo mpaka kufikia 12,000.

Serikali iliunda kamati chini ya Hugh Beaver, na mwaka 1956 Bunge likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Hapo ndipo mkono wa dola ulipofika rasmi katika jiko la mwananchi. Halmashauri za miji zilipewa uwezo wa kutangaza maeneo ambamo ni kosa kutoa moshi katika dohani. Lakini waandishi wa sheria hiyo walijua kwamba amri tupu haimpashi mtu joto. Kwa hiyo waliweka kifungu kingine: mwenye nyumba aliyelazimika kubadili jiko lake ili litumie makaa yasiyo na moshi au gesi alirudishiwa sehemu saba kati ya kumi za gharama. Serikali iliyokataza ndiyo hiyo hiyo iliyosaidia kulipa.

Na utekelezaji? Sheria ilitumia kifaa chepesi sana. Katika karne ya 19 Mfaransa mmoja, Maximilien Ringelmann, alikuwa amechora kadi yenye vivuli vinavyoanzia weupe na kuzidi weusi hatua kwa hatua. Mkaguzi husimama mbali, akainua kadi, akalinganisha rangi yake na rangi ya moshi unaotoka juu. Sheria ya 1956 ilisema kwamba moshi unaofikia kivuli cha pili katika kadi hiyo ni moshi mweusi kisheria. Hapakuwa na haja ya kuvunja mlango wala kuingia jikoni. Ushahidi ulikuwa juu ya paa, ukionekana na kila apitaye njiani.

Hewa ya London haikusafika kwa siku moja. Desemba 1962 ukungu wa kuua ulirudi, lakini safari hiyo idadi ya vifo ilikuwa ndogo sana kuliko ya miaka kumi nyuma.

JIKO LA CHUMA NCHINI MAREKANI

London iliteswa na makaa ya mawe. Kuni zenyewe zilipandishwa kizimbani baadaye, nchini Marekani, na kisa chake kilianzia mbali: katika visima vya mafuta.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza na kuzuia mafuta yao, na bei ikaruka. Mwaka 1979, wakati wa mapinduzi ya Iran, ikaruka tena. Familia nyingi za Kimarekani zilizozoea kupasha nyumba joto kwa mafuta zilirudi katika desturi ya babu zao. Zilinunua majiko ya chuma yaliyofungwa pande zote, yenye mlango mbele na kilango kidogo cha kupunguza hewa. Mwenye nyumba alilijaza jiko lake magogo jioni, akakiziba kilango, akalala. Asubuhi alikuta makaa bado yana joto. Aliona amefanya akiba. Hakujua kwamba jiko lililozibwa namna hiyo lilikuwa kiwanda cha moshi, nalo lilitoa kiasi cha gramu 15 mpaka 30 za chembechembe kwa kila saa.

Katika miji iliyozungukwa na milima moshi huo haukuwa na pa kwenda. Jimbo la Oregon ndilo lililotangulia kuchukua hatua. Mwaka 1983 lilipitisha sheria kwamba kuanzia Julai 1986 jiko jipya la kuni lisiuzwe bila ya kupimwa na kupewa cheti. Kisha Shirika la Kulinda Mazingira la serikali kuu likaita kikao. Maofisa wa serikali, watengenezaji wa majiko na watetezi wa mazingira waliketi meza moja wakabishana juu ya viwango, na mwaka 1988 kanuni ya taifa zima ilitangazwa. Majiko ya kawaida yaliyotengenezwa tangu 1990 yasizidishe gramu 7.5 kwa saa. Yale yenye kichungi maalumu cha kuunguza moshi yasizidishe gramu 4.1. Mwaka 2015 viwango vilikazwa tena, na tangu Mei 2020 jiko jipya halitakiwi kuzidisha gramu 2 likipimwa kwa kuni za maabara, au gramu 2.5 likipimwa kwa kuni za kawaida.

Yafaa kutazama sheria hiyo ilimkamata nani. Haikumkamata mama aliyekuwa akiota moto na wanawe. Ilimkamata mtengenezaji kiwandani na muuzaji dukani. Jiko bovu lilizuiwa lisizaliwe, badala ya kuwindwa nyumba hadi nyumba. Hiyo ndiyo nguvu ya kanuni ile, na udhaifu wake ulikuwa mahali hapo hapo: haikugusa mamilioni ya majiko ambayo tayari yalikuwa majumbani. Jiko la chuma ni gumu. Laweza kufanya kazi miaka 30 na zaidi. Kwa hiyo Oregon iliongeza kanuni nyingine mwaka 2010: nyumba inapouzwa, jiko lake lisilo na cheti sharti ling'olewe na kuharibiwa, lisipate kuuzwa kwa mtu mwingine.

Jimbo jirani la Washington lina desturi ya kutangaza siku za kutowasha kuni, hewa inapotuama na moshi kuzidi. Hata katika siku za kawaida, moshi wa dohani hautakiwi kuziba zaidi ya asilimia 20 ya mwanga kwa dakika 6 mfululizo. Mkaguzi huutazama kutoka nje, kama ilivyokuwa London. Hata hivyo, katika siku za marufuku sheria humwacha mtu ambaye hana njia nyingine ya kupata joto. Waliotunga kanuni hiyo walikumbuka kuwa baridi nayo huua.

MIJI MIWILI ILIYOBADILI MAJIKO

Je, kazi hiyo yote ilileta faida? Miji miwili midogo imetoa ushahidi.

Wa kwanza ni Libby, katika jimbo la Montana, Marekani, mji ulio bondeni katikati ya milima. Kati ya mwaka 2005 na 2007 majiko ya zamani zaidi ya 1,000 yaliondolewa na kuwekwa mapya, na sehemu ya fedha ilitolewa na watengenezaji wa majiko wenyewe. Chembechembe katika hewa ya majira ya baridi zilipungua kwa kiasi cha asilimia 30. Wazazi wa watoto wa shule waliohojiwa mwaka hadi mwaka walieleza kuwa watoto wao walipungukiwa na ule mlio wa kifua unaoambatana na kupumua kwa shida.

Wa pili ni Launceston, katika kisiwa cha Tasmania, nchini Australia. Mwaka 2001 asilimia 66 ya nyumba za mji huo zilitumia kuni kupata joto. Serikali ilitoa ruzuku kwa wale waliokubali kuliondoa jiko la kuni na kuweka la umeme, na wananchi wakaelimishwa. Kufikia mwaka 2004 nyumba za kuni zilikuwa asilimia 30 tu. Chembechembe za majira ya baridi zilishuka kutoka wastani wa maikrogramu 44 mpaka 27 katika kila meta moja ya ujazo wa hewa. Watafiti waliolinganisha vifo vya kabla na vya baada, katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, waliona kwamba vifo vya wanaume vilipungua kwa zaidi ya asilimia 11. Mji ule haukupata hospitali mpya wala dawa ya ajabu. Ulibadili majiko yake.

MARUFUKU KAMILI NA MARUFUKU ILIYOKUFA

Mji wa Kraków, nchini Poland, ulikwenda mbali zaidi. Nao uko bondeni, na kwa miaka mingi ulihesabiwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kuliko yote ya Ulaya. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 ni kosa katika mji huo kuchoma makaa ya mawe au kuni nyumbani. Askari wa mji hupewa kazi ya kukagua, na wamewahi kurusha ndege ndogo zisizo na rubani, zenye vipimo vya hewa, juu ya dohani zinazotiliwa mashaka.

Lakini mtu anayesifu ndege hizo na kuishia hapo hajakielewa kisa cha Kraków. Marufuku ilitanguliwa na miaka kadha ya matayarisho. Wenye nyumba walipewa ruzuku ya kubadili majiko na mitambo yao ya joto, na tanuri za zamani kwa maelfu ziliondolewa kabla ya siku ya sheria kufika. Wale wenye kipato kidogo, ambao joto la gesi au umeme lingewagharimu zaidi, waliwekewa mpango wa kusaidiwa kulipa tofauti ya bei. Askari alipoanza kugonga milango, wengi walikuwa wamekwisha kutii.

Ufaransa ilionja upande wa pili. Iliwahi kupangwa kwamba tangu Januari 2015 moto wa wazi wa kuni upigwe marufuku katika mji wa Paris na mazingira yake. Wananchi walinung'unika, wakauliza kwa nini moto wa sikukuu uandamwe wakati magari yanatoa moshi mchana na usiku. Siku chache kabla ya marufuku kuanza, waziri wa mazingira Ségolène Royal aliikataa akisema ni jambo la kuchekesha, nayo ikafutwa. Amri ambayo haijaingia katika akili za watu ni sawa na mbegu iliyotupwa juu ya mwamba.

Uingereza kwa upande wake imerudi kwenye chanzo, yaani kuni zenyewe. Tangu Mei 2021 muuzaji katika England haruhusiwi kuuza mafungu madogo ya kuni zenye unyevu unaozidi asilimia 20. Anayetaka kuni mbichi hana budi kununua shehena kubwa, naye hupewa maelekezo ya namna ya kuzikausha. Tangu Januari 2022 majiko mapya yanayouzwa hutakiwa kufikia kiwango cha usafi kilichowekwa. Na katika yale maeneo ya kuzuia moshi, halmashauri yaweza kumtoza mwenye nyumba faini ya pauni 175 mpaka 300. Faini, kama ionekanavyo, imekuja mwisho. Mbele yake wametangulia muuza kuni na mwenye duka la majiko.

UGANDA NA MAFIGA MATATU

Mambo hayo ya nchi za baridi yana uhusiano gani na familia ya askari nchini Uganda, ambako si kawaida nyumba kuwa na jiko la kupasha chumba joto?

Uhusiano upo, tena ni wa karibu. Tofauti ni kwamba Mzungu alichoma kuni ili aote, na moshi wake mwingi ulitoka kwa dohani na kumwangukia jirani. Mama wa Uganda huchoma kuni ili apike, na mara nyingi moshi wake hauna dohani ya kupitia. Hubaki humo humo jikoni pamoja naye na mtoto aliyembeba mgongoni. Zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi nchini Uganda hupika kwa kuni au makaa. Katika makambi ya jeshi na polisi hali ni hiyo hiyo: mafiga matatu nyuma ya nyumba, au jiko la makaa ambalo wengi huliita sigiri likiwa kizingitini.

Serikali nayo imekwisha kuingia katika jambo hili, ingawa kwa mlango mwingine. Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Utendaji Nambari 3, iliyopiga marufuku ukataji wa miti kwa ajili ya makaa ya biashara kaskazini mwa nchi, ambako misitu ilikuwa ikiteketea kulisha majiko ya mijini. Hapo polisi na wanajeshi walijikuta moja kwa moja katika habari ya jiko, wakizuia malori ya magunia ya makaa barabarani. Nao wanajua vema ugumu wa kazi hiyo. Gunia linalozuiliwa njiani ni chakula ambacho hakitapikwa mjini, au kitapikwa kwa bei ya juu zaidi. Maadamu mpishi hajapata jiko linalokula makaa machache, au moto wa namna nyingine, lori jingine litatafuta njia ya vichakani.

Afrika Mashariki imewahi kutoa mfano wake mwema. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa juu ya nishati mpya mjini Nairobi. Katika miaka iliyofuata mafundi wa Kenya walichukua mfano wa jiko la Thailand, wakaugeuza ufae kwa mahitaji ya kwao, wakapata jiko la bati lenye kiuno chembamba na udongo wa kuchoma ndani. Udongo ule huhifadhi joto lisipotee ubavuni, na jiko huweza kuokoa kiasi cha theluthi moja mpaka nusu ya makaa. Mafundi walifinyanga na kufua, wachuuzi wakauza, na mama wa nyumbani akaona mwenyewe kwamba gunia lake linadumu. Hakuna aliyelazimishwa kwa faini kulinunua jiko hilo, nalo likaenea mpaka nchi jirani.

YAWEZEKANAYO LEO NYUMBANI

Sheria huchukua miaka kutungwa, lakini maarifa yaliyo ndani yake yaweza kutumika jioni ya leo, hata katika nyumba ya chumba kimoja.

Kuni zipasuliwe kabla ya kukaushwa, kwa kuwa gamba la mti huzuia maji yasitoke. Zipangwe juu ya mawe au vijiti zisiguse ardhi, chini ya upenu usiovuja, na kwa kupishana ili upepo upite. Kuni iliyokauka huwa nyepesi, hupasuka nyufa mwishoni, na vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa mlio mkali. Kuni mbichi hutoa mlio mzito, wa kufifia.

Moto mdogo wenye hewa ni bora kuliko moto mkubwa uliosongwa. Kuni nyembamba chache zisukumwe kidogo kidogo, ncha zake tu ndizo ziungue, na chini yake pawe na nafasi ya hewa kupita. Majivu yaondolewe kila asubuhi, la sivyo huziba njia ya hewa.

Maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi zaidi, na sufuria yenye mfuniko huchemka mapema. Kila robo saa inayopunguzwa motoni ni robo saa isiyo na moshi, na ni kuni zilizobaki kwa kesho.

Mahali pa kupikia pawe nje au penye matundu mawili, moja chini la kuingiza hewa safi na jingine juu la kutolea moshi. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto. Na apewe mtu mwingine wa kumshika, hata kama ni baba aliyerudi lindo.

La mwisho ni la hatari kuliko yote, nalo lahusu makaa. Kwa kuwa makaa yaliyoshika vema hayatoi moshi, wengi huyaona ni salama, wakaliingiza jiko chumbani wakati wa mvua ili kuota joto, wakafunga mlango na kulala. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na mtu hufa usingizini bila ya kukohoa. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu hata mara moja, ijapokuwa makaa yake yanaonekana kufifia. Anayeamka na kichwa kizito, kichefuchefu na kizunguzungu katika chumba chenye jiko atolewe nje kwenye hewa mara moja, na apelekwe hospitali.

CHUNGU HAKISIMAMI KWA FIGA MOJA

Katika habari zote hizi, za London na Oregon, za Launceston na Kraków, jambo moja limejirudia. Mahali ambapo serikali ilikataza tu, watu walijificha au walinung'unika hata amri ikafutwa. Mahali ambapo ilikataza na kusaidia, ikambana fundi na muuzaji kabla ya kumbana mpishi, na ikamweleza mwananchi kwa nini, moshi ulipungua na makaburi ya mapema yakapungua pia.

Wahenga walisema kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Sheria ni figa la kwanza. Msaada wa kupata jiko jema ni la pili. Ujuzi wa mwenye nyumba ni la tatu. Askari anayesimama barabarani kuzuia lori la makaa ameshika figa lake. Akirudi nyumbani jioni, akamkuta mkewe anakohoa mbele ya kuni mbichi, na ajue kwamba kazi aliyoianza barabarani haijakwisha. Na achukue shoka, azipasue kuni za wiki ijayo, akazipange chini ya upenu zikauke.